Maelekezo kwa Somoe, Nikienda Ndanda

Somoe, ufunguo uko chini ya chungu kilichopasuka.
Bisi yuko chini ya cherehani,
amejikunja juu ya vipande vya vitenge.
Anajua naondoka: tangu jana ananusa begi langu
kama karani wa chama anayekagua gunia la korosho.

Usimwite kwa ukali. Ukimfokea hakimbii,
anabaki palepale, anakutazama
mpaka uone haya wewe.
Mwite mara moja, kisha ukae chini.
Atakuja kama anayepita tu,
halafu atakuegemezea mgongo.

Najua bei ya ndoo ya maji hapa Newala,
na najua wanavyosema kisimani:
“Fundi Nandonde anaogesha mbwa, sisi twakoga kwa kikombe.”
Basi asioge. Mchane tu, kila jioni,
kwa kile kitana cha meno mapana.
Anzia miguuni.
Nyuma ya masikio nywele husokotana
kama uzi uliokwama kwenye bobini;
ukivuta, atalia, na fundo litakaza.
Lishike kwa vidole viwili, lifumue polepole.
Hapohapo tafuta kupe.
Mkasi mkubwa usiuguse.

Macho yake hutoa machozi. Si ugonjwa,
ndivyo alivyoumbwa: pua fupi, macho yamejaa uso mzima.
Kitambaa cha pamba, maji vuguvugu,
futa kutoka ndani kwenda nje.
Wakipuliza salfa mikoroshoni, mfungie chumbani.
Mimi mwenyewe mwaka huu simwoni vizuri.
Naona weupe unaosogea,
nanyoosha mkono,
weupe unanilamba.

Bibi yako ana udhu wake, simlaumu.
Bakuli lenye uzi mwekundu ni la Bisi,
lisivuke kizingiti chenu.
Ukimaliza, nawa kama alivyokufundisha, mara saba,
moja kwa udongo. Nimekuchotea,
umo kwenye kopo la maziwa, safi, nimeuchekecha.

Tumbo lake ni ngumi yako. Ugali kidogo,
dagaa waliooshwa chumvi, asubuhi na jioni.
Mfupa wa kuku, hapana, hata akisimama kwa miguu miwili.
Na mabibo yaliyoanguka, angalia sana:
msimu uliopita alilamba yaliyochacha,
akarudi nyumbani kwa mshazari
akaibwekea sahani yake mwenyewe.

Atabweka. Atabwekea bodaboda,
atabwekea mfuko wa plastiki,
atambwekea mjumbe wa nyumba kumi, hapo usimkataze.
Ila mwewe akizunguka, toka mbio umbebe.
Kwa mwewe, Bisi ni kifaranga chenye nywele ndefu.

Yule mhandisi wa gesi aliyeniachia,
siku anafunga nyumba yake ya kupanga kule Shangani,
alinipa karatasi iliyojaa Kizungu mbele na nyuma.
Nikaipeleka kwa Mwalimu Chitanda.
Akasoma, akavua miwani, akacheka.
“Mambo ni mengi,” akasema, “chanjo, kucha, meno,
lakini kila baada ya mistari mitatu anarudia lilelile:
huyu asiachwe peke yake.”
Na yeye mwenyewe alikuwa keshapanda ndege.

Nimeikumbuka karatasi hiyo leo, nikifunga begi.

Daktari amesema siku tatu:
jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya mavuno.
Akiongeza siku, Bisi asikuone unalia.

Usiku atakwenda mlangoni. Mwache aende.
Ataweka pua pale kwenye ufa, atahesabu viatu vya watu.
Akichoka, keti kwenye kigoda changu,
toa uzi kwenye sindano,
kanyaga pedali taratibu, bila kushona kitu,
kama nusu saa hivi.
Hulala kabla mguu haujakuuma.

Na fulana yangu ya kazi usiifue.