Hotuba kwa Sangara

Hadhira yangu ya kwanza ilikuwa sangara mia nne,
chumba cha baridi namba mbili, kiwandani Igogo:
macho wazi, midomo wazi,
na hakuna hata mmoja aliyepiga mwayo.

"Ndugu wakurugenzi," nikawaambia,
mvuke ukanitoka kinywani kabla ya neno.
Karatasi ilitetemeka.
Nikasingizia baridi.

Miaka sita nimepima joto la samaki,
nikaliandika kwa mwandiko unaosifiwa.
Kuandika najua. Nisimamishe mbele ya watu watano,
ulimi unageuka jiwe,
na Mwanza haijapungukiwa mawe.

Basi jioni nikayapanda hayo mawe, juu Mabatini,
nyumba zilikobanana na miamba kama meno ya pembeni,
nikaisoma ripoti kwa sauti.
Watoto wa jirani wakakaa kunisikiliza.
Mmoja akauliza: "Dada, unasali?"

Sikuwa nasali. Nilikuwa nasema
"mabadiliko ya nyuzi joto katika mnyororo wa ubaridi."

Aliyenifungua ni Nyanjige, dalali wa dagaa, Mwaloni.
Nilikwenda kununua sado mbili, nikabaki saa tatu.
Anasimama juu ya kreti la soda, hana kipaza sauti,
anataja bei,
kisha ananyamaza.
Ananyamaza mpaka mnunuzi anajikuna shingo.

Nikamweleza shida yangu. Akasema, nisomee.
Sikufika mstari wa nne.
"Wewe unaongea kama mtu anayedaiwa.
Unakimbia. Nani anakufukuza?
Samaki wanaoza, sivyo? Sema wanaoza.
Halafu funga mdomo, waache wanuse."

Waache wanuse.

Ila kuoza kunaanzia wapi, sikujua.
Namba zangu zilijua saa: saa tisa usiku.
Sababu hazikuijua.
Ndipo nikamuuliza Lugendo, mpakiaji wa zamu ya usiku,
ambaye tumesalimiana miaka sita bila kusimama.
Akaniongoza hadi mlangoni, akapitisha kiganja ubavuni mwake:
"Mpira umechanika. Tangu mwaka juzi.
Tukimaliza kupakia tunaufunga, haufungiki."
"Mbona hukusema?"
"Kwa nani? Hakuna aliyeuliza."

Siku yenyewe umeme ukakatika,
picha zangu zote za rangi zikafia ukutani.
Watu watano, birika la chai, sambusa moja
ambayo kila mmoja anaionea haya.
Nikavuta pumzi mpaka ikagusa mkanda.
"Tani mbili kila mwezi," nikasema, "zinaoza."
Nikafunga mdomo.

Bandarini meli ikapiga honi.
Mkurugenzi akaacha kijiko ndani ya kikombe.
Sikukimbia.
Kimya kilikuwa kirefu, na kilikuwa changu.

"Sababu ni mpira wa mlango.
Aliyeuona yuko nje, anaitwa Lugendo.
Naomba aingie."

Akaingia na buti zake, akaacha madimbwi kwenye zulia.
Akaongea dakika mbili, Kiswahili kimoja, Kisukuma kimoja,
mikono yake ikawa mlango, ikafunguka, ikagoma kufungika.
Hakuna aliyepiga mwayo.

Mpira ulibadilishwa Alhamisi.

Barua ya cheo ilikuja mwezi uliofuata,
jina moja juu yake, langu,
"kwa umahiri wa mawasiliano."
Nikaipeleka chumba namba mbili, nikawasomea sangara.
Nilipofika kwenye jina nikanyamaza,
na safari hii haikuwa mbinu.
Lugendo alikuwa nyuma yangu, anapanga makreti,
akasema "hongera, dada," akaendelea kupanga.

Hotuba ninayoiandaa sasa ni ya mtu mmoja,
bila karatasi, bila picha za rangi.
Wiki ya tatu hii.
Mstari wa kwanza bado haujanijia.