Kipimo cha Dirisha

Umekuja na futi ya chuma, Bwana Rweyongeza,
na karatasi yenye muhuri wa Halmashauri:
dirisha la mtaani, urefu uwe mara mbili ya upana,
liwe la mbao, lisiwe la kusukuma,
kioo cha buluu marufuku;
mlango uwe wa mbawa mbili, na mfaa katikati,
kizingiti kiinuke inchi sita
kama vizingiti vyote vya Mikindani ya kale.

Nami nimeshalipia alumini, madirisha manne,
malipo ya pili ya korosho yameishia humo.
Yale pale yameegemea ukuta, bado yana nailoni yake,
kuku wanajitazama.

Sibishi. Mji una sura yake,
na sura haiuzwi kwa jora.
Ila njoo, tuvuke hiki kichochoro
tukaipime nyumba ya bibi yangu, Bi Somoe,
ndiyo hiyo uliyoipiga picha, ukurasa wako wa tatu.
Fundi Hokororo, shika ncha ile.

Unaona? Mlango umezidi vidole vinne.
Dirisha la kulia, sawa na sheria.
La kushoto limeshuka shubiri nzima,
tena limenenepa;
lingeletwa mezani kwako leo
lingepigwa kalamu nyekundu.

Bi Somoe alikuwa mfupi.
Alitaka amjue anayebisha hodi
kabla hajaitika,
bila kupanda kigoda.
Seremala akampima yeye kwanza, kasimama pale,
ndipo akaupima ukuta.

Mbona umeikunja futi?

Andika mninga, nitautafuta mninga.
Andika mbawa mbili, andika mfaa,
hata misumari ya shaba nitapigilia.
Alumini itakwenda uani, itazame banda,
kuku wameshaizoea.
Lakini mjukuu wangu Mwajabu,
magurudumu ya kiti chake hayajui inchi sita,
na macho yake, akiketi, yanafika hapa,

hapa Fundi alipochora kwa mkaa.

Ukitaka kuufuta mstari huo
kitambaa hiki, maji yamo kwenye ndoo.
Anatoka shule saa nane.