Jicho la Kulia

Miaka kumi na mmoja ilikaa ndani ya gereji, Katuba,
Pijo 404 ya mwaka sitini na saba,
rangi ya chai ya maziwa,
na kuku wawili wakiatamia juu ya boneti.

Alipostaafu reli, Kishimba hakununua kiwanja.
Hakununua bati, wala mashine ya kusaga.
Alinunua gasketi.
Akawafukuza kuku.

Kaka zangu walikuja watatu, na suruali zao za Jumapili:
"Likizo? Ya kwenda wapi? Nani amefiwa huko?"
Maana kwetu safari ni msiba,
au ni biashara, au ni kukimbia.
Kishimba, mikono myeusi hadi viwiko, akasema:
"Hakuna aliyefiwa. Ndiyo maana tunakwenda."

Kasumbalesa. Malori ya shaba yamelala foleni,
madereva wanasonga bukari kwenye kivuli cha magurudumu.
Afisa wa forodha aliizunguka Pijo mara mbili.
"Mnabeba nini?"
"Sisi wenyewe."
Akafungua buti: foronya, sufuria, jerikeni,
plagi sita ndani ya soksi, kama mayai ya kanga.
Akatafuta kwenye fomu mahali pa kuandika *kutembea*.
Hapakuwepo.
Akaandika: Mengineyo.

Kisha mlingoti ukainuka, na dunia ikahama upande.
Sisi hushika kulia, wao hushika kushoto,
na usukani wetu haukujua habari hizo.
Kishimba aliona majani ya ukingoni
na matako ya lori lililo mbele,
basi.
Barabara yote inayokuja ilikuwa yangu.

Mume huyu, miaka thelathini na minne,
hajawahi kuniuliza hata kama mvua itanyesha.
Kabla ya Chingola, nyuma ya lori la saruji, akakohoa.
"Kaumba. Sasa?"
Nikachungulia. "Bado."
"Sasa?"
"Bado. Kuna basi. Bado… bado…
Haya."
Akakanyaga.
Akakanyaga kwa neno langu tu,
roho zetu mbili zikiwa ndani ya neno hilo.

Kapiri Mposhi. Serenje.
"Haya" zangu sikuzihesabu.
"Bado" nilizihesabu, kwa kuwa kila moja ilitiiwa.

Mpika tangi likaanza kulia petroli.
Fundi Chileshe akaziba tundu kwa kipande cha sabuni,
akakataa pesa,
akaomba kuketi usukanini, dakika tano,
vioo vimepandishwa, asiongeleshwe.
Tulisimama nje, tukamtazama akisafiri.

Tunduma niliagiza kama ninavyoagiza nyumbani:
"Utupatie byakula, na mayi ya baridi."
Binti akacheka hadi akashika kaunta.
"Mama, hicho Kiswahili mmekiokota wapi?"
"Kimetoka mbali," nikamwambia,
"kisamehe vumbi lake."
Akaleta wali, maharage, na maji mawili ya bure.

Mbeya kulikuwa na baridi. Tulinunua sweta za mitumba,
tukalala siku mbili kama watu wasiodaiwa.
Hakuna kingine cha kusimulia juu ya Mbeya.
Nilikuwa na furaha, nayo haina habari nyingi.

Tuliporudi, ng'ambo ile ile ya mlingoti,
Kishimba akahamia kulia kwake,
na barabara ikamrudia, yote.
Nikatoa uzi wangu wa kufuma.
Kazi yangu, nilijua, imeishia mpakani.

Karibu na Lubumbashi, mbele yetu baiskeli ya makala,
mwenyewe akiisukuma polepole.
Upande wa pili lami ilikuwa tupu,
nyeupe kwa jua, hata mbuzi hakuna,
na Kishimba aliiona yote kwa macho yake.

Akapunguza mwendo.
Akakohoa.