Herufi Saba

Kijijini kwetu, kisiwani Tinos, wakati ule,
ukipaza "Zambeta!" uchochoroni
ilifunguka milango minne.
Zambeta wa Ghorofani. Zambeta Mwekundu wa nywele.
Zambeta wa Athene, aliyeolewa huko,
hata hivyo mlango wake ulifunguka kwa mazoea.
Na mimi, Zambeta Vumbi, wa karakana ya marumaru.
Mabinamu wanne, bibi mmoja.
Kila mwanawe alimlipa mama yake kwa binti:
deni moja likalipwa mara nne,
na bado bibi alidai.

Alidai kwa upole. Akigawa lozi za sikukuu
alinizidishia mbili kiganjani, akanong'ona: "Somo yangu."
Nilikuja kujua miaka mingi baadaye
kwamba na wale watatu walizidishiwa mbili.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili niliponuna.
Shuleni mwalimu alituita kwa namba.
Nikamwambia bibi: jina lako silitaki,
linanuka kafuri na mashuka ya kabatini,
nipe langu.
Hakukasirika. Aliendelea kumenya kitunguu.
"Hata mimi si langu," akasema.
"Kabla yangu alikuwapo dada, akaishi siku arobaini.
Mama alikuwa ameshatarizi Z kwenye nguo za kitoto.
Nilipokuja mimi, uzi ulikuwa mzima;
nani angeufumua?
Nimeazima, mwanangu. Miaka sabini naazima.
Nawe umeazima kwa mwazimaji."
Kisha machozi yakamtoka, akakisingizia kitunguu.

Alfajiri moja ya Februari simu ililia.
"Zambeta amefariki," ikasema sauti tusiyoitambua,
ikakatika, maana upepo wa kaskazini
ulikuwa umelaza nguzo bondeni.
Bibi hatukumwaza kabisa: jana yake tu
alikuwa juu ya ukuta wa mawe, anachuma mboga mwitu,
anamtukana mbuzi wa jirani.
Shangazi mmoja alikimbilia ghorofani bila viatu.
Mwingine alizungusha namba ya Athene, akazungusha, akazungusha,
laini bubu.
Mama yangu alikuja karakanani,
akanikuta nimesimama nyuma ya msumeno,
mweupe tangu kope hadi kucha,
akapiga ukelele ambao mpaka leo
hataki tuuzungumzie.

Kwa nusu saa tulikufa wote wanne.
Kisha tukafufuka, mmoja mmoja,
na kwa kila aliyefufuka
bibi akazidi kufa.

Baba hakuweza kushika patasi. "Chonga wewe," akasema,
"jina unalijua."
Nililijua kwa chaki, kwa kalamu,
kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu.
Kwa patasi ni jambo lingine, jiwe halina kifutio.
Z ilinisumbua, mgongo wake umevunjika mara mbili.
A ya kwanza nikaipa miguu imara.
A ya mwisho ikatoka nyembamba kidogo,
nikaiacha.
Chini yake nikachonga mwaka aliozaliwa,
na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza siku ile,
nikajua aliyekufa si mimi.

Mwezi uleule kaka yangu alipata binti Thesaloniki.
Kijiji kikakaa kitako kumngoja Zambeta wa tano.
Akamwita Iro.
Iro wa nani? wakauliza.
Wa mwenyewe, akajibu.
Mashangazi walinuna hadi Pasaka.
Mimi nilicheka, halafu usiku sikucheka.
Jina jipya ni kama kiatu kipya, litamchubua,
hakuna aliyelilainisha kabla yake.
Ila malengelenge yatakuwa yake.
Nimemtumia shuka moja. Z sikuifumua.

Siku ya kusimamisha jiwe nilibaki makaburini peke yangu,
nasugua kingo kwa kitambaa chenye maji.
Mama akaniita kutoka langoni, chakula kinapoa:
"Zambeta!"
Tuliitwa wawili.
Nikangoja kidogo, kwa adabu, aliye mkubwa atangulie.
Kisha nikasema, "Abee."