Picha Isiyopigwa

Chumba changu hakina dirisha.
Malindi yote inaungua kwa jua la Februari
nami nimekaa gizani, kiyoyozi kinakohoa,
nasoma mbavu za watu
kama msomaji wa barua zisizo zake.

Mwaka juzi hesabu ilikuwa nyepesi:
kila picha na bei yake, kila ripoti na ujira wake.
Mtaliano mmoja alitegua kifundo kule Casuarina,
tukampiga mguu wa kushoto, na wa kulia pia,
"kwa kulinganisha." Hivyo ndivyo tulivyoandika.
Mtoto wa Barani kakohoa siku mbili: kifua.
Mama wa Maweni kaumwa kichwa baada ya harusi ya bintiye:
kichwa, haraka.
Mwisho wa mwezi Bwana Tsuma wa uhasibu
alinisalimu kwa mikono miwili,
na nyumba yangu ya Muyeye ikapanda mpaka kwenye lenta.
Sisemi niliiba. Nasema mkono unaojua bei ya kitufe
huwa mwepesi kubonyeza.

Kisha likaja fungu.
Bima inatoa fedha Januari, kwa kila kichwa kilichoandikishwa,
kiumwe kisiumwe,
na kitakachosalia Desemba ni chetu.
"Malipo kwa kichwa," Tsuma alieleza, kalamu nyekundu mkononi,
nami nikawaza vichwa vyote nilivyovikata kwenye kioo,
vyembamba kama slesi za mkate.

Niliyekuwa kisima nimekuwa tundu la ndoo.
Tsuma sasa hunipa mkono mmoja,
wa pili umeshika faili.
Kuna fomu ya kijani. Daktari akitaka picha
aeleze kwa nini, na kwa nini si kesho,
na kwa nini asimguse kwanza mgonjwa kwa vidole vyake.
Swali la tatu, Mungu anisamehe, ni swali zuri.

Siku moja nilipanda wodini,
jambo nisilolifanya kwa miaka tisa.
Dakta Kadzo alitaka kichwa cha mtoto aliyeanguka mkorosho.
Nikamkuta mtoto anagombania kijiko na dada yake,
mboni sawa, hatapiki,
jina la mwalimu analikumbuka, na lakabu yake pia.
Nikasema, tumtazame mpaka alfajiri.
Tukamtazama, mimi na Kadzo, kwa zamu.
Alfajiri akadai chapati.
Mionzi haikumgusa.
Kazi yangu bora ya mwaka mzima,
na daftari la Tsuma halina mstari wa kuiandika.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini yupo Mbodze wa Kakoneni.
Kikohozi cha wiki sita. Fomu ya kijani ikamrudia
na muhuri: SUBIRI.
Muhuri ule ni wangu.
Nilisoma "hana homa, hatemi damu," nikaamini karatasi,
na sitajua kamwe kama niliamini karatasi
au niliamini Desemba.

Alirudi wiki ya kumi na moja, kanga imemlegea kiunoni.
Tukampiga kifua.
Juu, upande wa kulia, doa kama kokwa la zambarau,
kingo zake zina miiba.
Nikalipima: milimita ishirini na tatu.
Lingekuwa ngapi siku ile?
Nimefundishwa kusoma vivuli.
Hakuna aliyenifundisha kusoma picha isiyopigwa,
nayo ndiyo ninayoiona kila nikizima kioo.

Sikumwachia muuguzi. Nilimpigia simu mwenyewe,
nikamwambia aje Jumatatu, kuna kipimo kingine, kikubwa, cha Mombasa.
Kuku walikuwa wakilia nyuma yake.
Akauliza, "Ni shilingi ngapi, daktari?"
Nikamjibu, hutoi kitu mama, imeshalipwa.
Imelipwa tangu Januari.

Akanyamaza kidogo.
"Basi mlikuwa mnangoja nini?"