Nambari Zinazorudi

Jumatatu niliziandika kwa mkono wangu,
nambari nne, nukta tatu katikati,
nikabonyeza Sawa, nikafunga ukurasa
kama mtu anayefunga banda la kuku jioni.
Jumanne asubuhi banda li wazi.
Nambari zangu hazipo. Zimekaa za kampuni,
zimenyoosha miguu.

Kwa asiyejua:
kompyuta haijui jina la mtu wala la duka,
inajua nambari tu. Ukiiandikia jina
inakwenda kumuuliza karani fulani, mbali huko,
"Huyu anakaa wapi?" naye anaipa anwani.
Mimi nilikuwa nimebadilisha karani.
Nilimtafuta mwenye roho ngumu,
ambaye akiulizwa nyumba za kamari
anajibu: siwajui, hawajawahi kuishi hapa.

Kwa sababu ya Ndekirwa.
Kwa sababu ya mikeka aliyoisuka usiku mbele ya kioo kile,
timu kumi na mbili za nchi asizojua hata stempu zake,
ukachanika wote kwa goli moja la dakika ya tisini,
na pamoja nao ikachanika ada ya Aikande, muhula wa pili,
na mbuzi wawili wa mama yake kule Kibosho.
Alhamisi Kuu aliapa kwamba ameacha.
Nikasema sawa.
Kisha, mwezi wa saba, nikabonyeza Sawa.

Wiki mbili naandika, wiki mbili zinafutika.
Nilizima, nikawasha. Nilifuta kumbukumbu yake yote.
Nilimleta kijana wa Mangesho kutoka Mbuyuni,
akala chapati tatu, akasema ni virusi,
akaondoa virusi visivyokuwepo
kwa shilingi elfu kumi na tano.
Asubuhi: nambari za kampuni.

Basi nikajua. Nani mwingine yumo humu ndani?
Mtoto yuko bweni. Paka hana nywila.
Nikaanza kupunguza chumvi.
Nikaanza kujibu "mm".
Shati lake la kanisani nikalipiga pasi upande mmoja tu,
nikalitundika.
Naye hakuuliza; alikula, akashukuru,
na shukrani ile nayo
nikaihesabu kuwa ushahidi.

Ijumaa nikakesha.
Kiti cha sebuleni, blanketi mabegani;
hapa Rau baridi ya mwezi wa saba
hushuka mlimani bila kubisha hodi.
Saa saba, kimya. Saa nane, mbwa wa jirani.
Saa tisa kasoro umeme ukakatika,
kompyuta ikafa katikati ya mvumo wake,
na katika kimya kile nikamsikia Ndekirwa chumbani
akikoroma, mkoromo mzito,
wa mtu asiyesubiri matokeo.

Umeme ukarudi. Mashine ikaamka yenyewe.
Modemu ikawasha kijitaa chake cha buluu,
na programu yake, ile niliyoikubalia kila kitu
siku ya kwanza bila kusoma,
ikapiga simu kwao, ikamleta karani wao,
ikamkalisha kwenye kiti cha wangu.
Mbele ya macho yangu.
Hakuna mkono. Hakuna mume.

Ukurasa wa tatu wa mipangilio ya modemu
kuna kisanduku, kidogo kama punje ya ulezi:
"Pokea anwani kutoka kwa kampuni." Kina tiki.
Nikaitoa. Nikaandika zangu humo humo.
Nikazima, nikawasha. Zikabaki.
Nikazima tena, kwa hasira sasa. Zikabaki.
Wiki mbili za chumvi, kwa tiki moja.

Karani mwenye roho ngumu nimemwacha kazini.
Sijafika huko bado.

Kulipokucha nikachomeka pasi,
nikalitoa shati kabatini,
nikaanza na upande wa pili.
Ndekirwa akasimama mlangoni, macho mazito.
"Mbona mapema hivyo?"
"Nambari zimekaa," nikasema.
"Nambari zipi?"
Nikaigeuza kola. Kulikuwa na kunyanzi moja pale
ambayo haikutaka kunyooka.