Usilifunge Daftari

Ofisi ya vizazi na vifo, Langoni.
Karani Shekuwe hupanda ngazi kumi na nne,
hushusha daftari la Faza, hupangusa vumbi,
husoma jina moja,
hulirudisha.
Akiita wa pili, naye ni wa Faza.

Nimekaa benchini na michoro yangu ya chipu,
natafuta nanosekunde zinakopotelea.
Nilidhani ni njiani, kwenye nyaya.
Kumbe ni hapa: kufungua safu, kufunga safu,
kuifungua tena ile ile.

"Shekuwe, liache mezani.
Uliza foleni: nani mwingine wa Faza?"
Wakainuka saba.
Saba wakatoka kabla chai haijapoa.
Kisha wa Siyu. Kisha Kizingitini, benchi zima.
Nikaandika kanuni pambizoni, nikajiona bingwa.

Adhana ya alasiri ikapita.
Pembeni, Bwanaadi Shali wa Kiunga,
aliyefika kabla mlango haujafunguliwa,
cheti cha mkewe hakijaandikwa bado.
Hakuna mwingine wa Kiunga.
Hakulalamika. Alizikunja upya
noti zake za nauli ya boti,
boti iliyokwisha kuondoka.

Nikafuta. Nikaandika tena:
safu iliyo wazi itangulie,
ila kila ombi lihesabiwe umri,
na likizeeka
yote yafungwe,
lifunguliwe lake peke yake.

Shekuwe akapanda ngazi kumi na nne
kwa jina moja.
Safari hiyo sikushika saa.